Ratiba Iliyomzika Mjomba

Jamani, leo nimemzika mjomba wangu akiwa hai.

Ratiba ya mazishi ya nyanya niliipanga mwenyewe kwenye laptopu, ikakaa sawasawa. Nikaenda kuichapisha saiba hapa Utange, kumbe kompyuta yao ina programu nyingine. Herufi zikanenepa, majina ya wanawe yakashuka, vichwa vya orodha vikabaki palepale. Sikukagua, jeneza lilishafika kanisani!

Mjomba Katana, kitindamimba wa nyanya, akaangukia chini ya "Waliotutangulia."

Mchungaji akasoma vivyo hivyo.

Mjomba akasimama. "Mchungaji, mimi niko hapa."

Mbavu zenu wenyewe, chekeni. Mimi sina pa kujificha.

Nimemfungulia laptopu aone nilimwandika kwa walio hai. Akalitafuta jina lake, akaliona.

"Kwa hivyo ulijua niko hai, na bado ukanizika?"