Karani Amemfuta Mume Wangu

Leo karani wa bima ya afya amemfuta mume wangu kwa kalamu nyekundu.

Mnajua Ijumaa nastaafu kazi ya jikoni pale shuleni Ndhiwa. Nikistaafu bila kadi mpya ya serikali, upasuaji wa jicho langu nitaugharamia mwenyewe.

Kwa hivyo asubuhi nimefika Homa Bay na mwanangu Ouma, mhandisi wa maji, yule niliyemsomesha kwa mwiko.

Fomu nimejaza mwenyewe. Mwandiko safi, hata Ouma amekubali.

Penye mume nikaandika Okelo.

"Mama, picha yake iko wapi?" karani akauliza.

"Alifariki, nyathina, mwanangu. Miaka sita sasa."

"Basi hapo andika hakuna."

Hakuna vipi? Boma ni la Okelo, na kaburi lake liko mbele ya mlango wangu. Kwetu kifo hakivunji ndoa.

"Mama, bima haitibu marehemu."

"Sijasema atibiwe. Nimesema aandikwe."

Foleni nzima ikacheka. Ndipo karani akavuta fomu, akapiga mstari juu ya jina.

Nikainyakua, nikaikunja, nikatoka.

Nje Ouma akaniambia polepole, "Mama, baba mwenyewe angetaka hilo jicho lipone."

Nimemsomesha mpaka ananishinda kwa maneno.

Wajane wenzangu, nyinyi mliandika nini pale?

Mimi kesho nachukua fomu mpya, na penye mume naacha wazi. Hilo neno "hakuna" aliandike karani mwenyewe.