Walipoukata mkungu wa uani

Mavyaa wangu ndiye aliyeamua mkungu ukatwe. Mwanangu alikuwa na pumu tangu hajaanza kutambaa, na dirisha la chumba chetu lilitazama uani, kwenye mti. Kwa mama mkwe hesabu ikaisha hapo.

"Mti huu wamla mwana pumzi," alisema. "Usiku watoa hewa mbovu. Hata skuli mwafundishwa."

Ndiyo, tulifundishwa. Lakini tulifundishwa na mengine yote, si nusu.

"Mama, mti uko nje. Chumbani tuko watatu, nasi twatoa hewa hiyo hiyo, na dirisha tumelifunga. Ikiwa ni hewa hiyo, tuanze kumkata mwanao."

Mume wangu alicheka, akaona uso wa mamake, akanyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi aliyosomea.

Wakaukata. Kisha wakamwaga saruji uani kote, ukuta hadi ukuta, ati pawe pasafi, majani yaliwachosha kufagia.

Hakuna aliyeniuliza mimi niliyekuwa nikifua pale. Maji ya beseni nilikuwa nikiyamwaga shinani, udongo unayanywa. Mizizi inayapandisha, majani yanayatoa kama jasho, na jasho likikauka huondoka na joto. Ndiyo maana adhuhuri, mtaani kwetu Makadara watu wakiungua, pale uani mtu aliweza kukaa na mtoto mapajani. Si baraka wala si jini. Ni maji yakifanya kazi yake.

Saruji hainywi wala haitoki jasho. Ilikula jua mchana kutwa, na magharibi ikiadhiniwa bado ilikuwa ikitutemea joto dirishani. Mwanangu akatoka harara shingoni, akawa halali, na kifua kikazidi kupiga filimbi.

"Joto la Mombasa limezidi mwaka huu," mavyaa akasema, akijipepea.

Mvua ilipokuja haikuwa na pa kuzama. Ikapita chini ya mlango, ikalowesha godoro, ikapanda ukutani. Ukuta ukaota kuvu nyeusi upande ule ule anaolala mtoto. Siku aliyokosa pumzi hadi midomo ikabadilika rangi, nilimkimbiza kwa daktari, na kutoka huko sikurudi. Nilikwenda moja kwa moja Majengo kwa mamangu: nyumba ya udongo, nyuma pana mpapai na migomba inayonyweshwa maji ya vyombo. Kifua hakijapona, lakini analala.

Jana mume wangu alikuja na feni mpya ndani ya boksi.

"Mama asema urudi. Amekusamehe."

"Amenisamehe nini?"

Akaliweka boksi chini.

"Nitarudi mkiivunja saruji," nikamwambia.

"Mama hatakubali. Asema pamependeza."

"Basi mwambie akalale hapo panapopendeza, na wewe kamfunike shuka."

Akainama kuchukua boksi. Nikaliwekea mguu. Feni ni ya mtoto.