Bi Tumu Alivyomvusha Rispa

Rispa alihamia Likoni kumfuata mumewe. Kwao ni Kakamega, na maji mengi aliyowahi kuyaona ni ya mto Isiukhu. Basi alipopata kazi ya kushona sare za shule Mwembe Tayari, ng'ambo kisiwani Mombasa, furaha yake ilikomea kivukoni. Ule mlango wa bahari si mpana. Ukisimama Likoni unayaona madirisha ya ng'ambo. Lakini aliposikia sakafu ya feri ikitetemeka chini ya nyayo zake, Rispa aligeuka akatoka mbio, akipigana vikumbo na waliokuwa wakiingia.

Alimkuta mwenye nyumba wake, Bi Tumu, barazani akichagua mchele.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Mbona machozi, mwanangu?"

"Kazi itanipita. Yale maji siyawezi."

Bi Tumu aliuweka ungo chini. "Kesho tutakwenda sote."

Kesho yake alijitanda buibui, akamshika Rispa mkono. Walisimama katikati ya feri, Bi Tumu akinong'ona "Ya Latif, ya Latif," na vidole vyake vimembana Rispa hadi vinamuuma. Walipofika ng'ambo alimuaga, akarudi na feri ile ile. Wiki nzima alifanya hivyo, hata Rispa akaweza kuvuka peke yake.

Miezi ikapita. Siku moja Fatma, bintiye Bi Tumu aliyeolewa Mji wa Kale, kule kisiwani, alikuja kumtazama mamake, na Rispa akamsimulia. Fatma akaduwaa na kikombe mkononi.

"Mama alipanda feri? Wallahi siamini! Tangu baba afe maji pale kivukoni, nami ningali mdogo, hajavuka. Hata harusi yangu ilibidi tuifanyie huku."

Rispa alikwenda jikoni, akamkuta Bi Tumu akikuna nazi.

"Bibi, mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia, ungekwenda?" Bi Tumu alicheka kidogo. "Kuogopa nikiogopa. Lakini maji yale yalishanichukulia mume, sikutaka yakuchukulie na wewe riziki."

Rispa alipiga magoti akaubusu mkono wake, uliojaa nazi.

Hadi leo yu kazini Mwembe Tayari, na akisali humtaja Bi Tumu kabla ya mamake mzazi. Naye Fatma, baada ya kuyasikia yale, hakumpa mamake nafasi ya kukataa tena. Sasa kila Ijumaa Bi Tumu huvuka kwenda kuwaona wajukuu wake, kisha akirudi hulalamika kwamba siku hizi feri zinajaa mno.