Fundi Zibua na Mfuko Wake

Maisha yake yote Fundi Zibua aliishi kwa uchafu wa watu. Sinki likigoma, choo kikirudisha, aliitwa yeye, na kabla hajafungua mkoba alikuwa ameshamtukana mwenye nyumba. Sasa kalazwa. Kongosho limekatwa kipande, na tumbo limegoma kusukuma chochote chini. Mrija unatoka puani hadi kwenye mfuko ubavuni mwa kitanda, maji ya kijani yanachuruzika humo, naye haruhusiwi kumeza hata tone.

Nesi hakumwonea haya. Alimwinua mgongo, akamlowesha midomo kwa pamba, akamtembeza koridoni na mfuko wake kama mbuzi wa mnadani, kisha akapima maji yaliyomo.

"Bado umeziba, fundi. Mfuko ukipungua, mrija unatoka. Usipopungua, tutazidi kuchumbiana."

Wodi ikacheka. Naye angecheka, kama mdogo wake asingeingia amevaa ovaroli la Zibua mwenyewe. Kijana huyo, asiyejua kukaza nati bila kuivunja, alisema wateja wamemzoea, kaka apumzike tu. Mwenye jengo anataka kuandikishana upya mkataba wa duka la Zibua, na anamtaka mtu anayesimama kwa miguu yake. Akaulizia funguo za duka. Zibua akazisukuma ndani zaidi chini ya mto.

Lazima atoke. Na mirija si ndiyo kazi yake? Tangu hapo, kila mara kabla ya mfuko kupimwa, alijikokota chooni, akafungua kizibo cha mfuko, akamwaga, akaacha kidogo cha kuzugia. Nesi akampongeza. Daktari akaamuru mrija utolewe, aanze supu kidogo kidogo.

Alimaliza bakuli zima akimkodolea nesi macho ya ushindi. Jioni tumbo likavimba kama ngoma, kisha likarudisha yote: kwenye shuka, kwenye viatu vya nesi, na mengine yakapotea njia yakaingia mapafuni. Nesi akamlaza ubavu, akamfyonza koo kwa mashine, akarudisha mrija. Mfuko ukajaa papo hapo. Akautazama, kisha akautazama mlango wa choo.

"Ulikuwa unamwaga?"

Zibua akaitikia kwa kichwa.

"Kwa hiyo ukiitwa kwenye sinki lililoziba, unachota maji ya juu, unadai pesa zako, unaondoka?"

Zibua alishawahi kufanya hivyo.

Mdogo wake alipokuja, alimuuliza nesi, si yeye, kama kaka atakawia. Nesi akasema atakawia sana. Sasa kuna pia homa ya mapafu. Kijana akapenyeza mkono chini ya mto, kwenye funguo, taratibu, kama anayeogopa kumwamsha mtu. Zibua alikuwa macho, anamtazama.