Pointi ya Tatu

Katika ligi yetu ya mitaa, hapa Uvira, hakuna sare. Tuliifuta kwa sababu timu za majirani zilikuwa zikipatana kimyakimya. Tangu hapo, dakika tisini zikiisha bila mshindi, tunaongeza muda, kisha penalti. Anayeshinda huchukua pointi tatu, na anayeshindwa hurudi nyumbani mikono mitupu.

Mechi ya Songo na Luvungi ilikatika ndani ya muda wa nyongeza. Mvua ilishuka kutoka milimani, uwanja ukajaa maji, refa akawaambia watu waende nyumbani. Kipa wa Songo alitaka kuvuka mto kabla haujafura. Waliokuwa nyuma yake walimwona akiingia majini, viatu mkononi. Hakuna aliyemwona akitoka.

Mwili haukupatikana, na mama yake alikataa matanga. Kila asubuhi alishuka ziwani kuwauliza wauza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa, kama wavuvi wamekuta kitu. Mtu akimuulizia kijana pale nyumbani, alijibiwa kwamba hajafika bado. Uwanjani nako mambo yalibadilika. Makapteni walipochagua upande, kila mmoja alitaka goli la barabarani. Goli la upande wa ziwa, ambalo marehemu alikuwa akililinda siku ile, makipa walisimama mbali mbele yake, kama wageni waliokuta nyumba ina mwenyewe. Nimeandika “marehemu”. Wakati ule neno hilo halikutamkwa.

Kamati ilikutana Jumamosi mchana katika darasa la shule ya kanisa, nami nilikuwa mwandishi wake. Msimamo wa ligi ulikuwa na pengo. Luvungi wangeshinda mechi ile, wangeingia fainali. Mweka hazina, ambaye dada yake anaishi Kanada, alikuja na dawa. Alieleza kwamba kule kuna mchezo wa magongo unaochezwa juu ya barafu, na timu inayoshindwa katika muda wa nyongeza hupewa pointi moja, kwa kuwa ilifika mwisho wa muda wa kawaida bila kushindwa.

Rais wa kamati hakuafiki. Timu dhaifu, alisema, zitakuwa zinajikokota makusudi ili zifike nyongeza na kuokota hiyo moja. Tena mechi nyingine zitazaa pointi nyingi kuliko nyingine. Mweka hazina alijibu kwamba pointi zitabaki tatu zile zile: mshindi wa nyongeza apate mbili, aliyeshindwa apate moja.

“Barafu, sisi tunaijua mu soda tu,” alisema kapteni wa Luvungi, na watu wakacheka.

Kapteni wa Songo hakucheka. Alikuwa kaka mkubwa wa kipa. Aliiunga mkono sheria ya barafu upesi mno. Kila timu ichukue moja yake, alisema, na ile ya tatu ilale.

“Pointi hailalake, mukubwa,” kapteni wa Luvungi alimjibu. “Tumalize dakika zetu.”

Wote tuliijua desturi yetu. Mechi iliyokatika huendelezwa na wachezaji wale wale. Ukitaka kubadilisha mmoja, unasimama mbele ya kamati na kusema sababu kwa sauti. Kapteni wa Songo alisimama. Alifungua mdomo, akakaa tena.

“Ninyi munaongea pointi,” alisema akitazama sakafu. “Minye niko na mama kule nyumbani.”

Mama hakuwa nyumbani. Alikuwa nje ya dirisha, sijui tangu saa ngapi. Aliingia, pindo la kitenge limelowa maji ya ziwa. Rais alimwachia kiti chake, naye hakukaa. Aliuliza mwanawe anashindwa kusema nini. Rais alimweleza desturi polepole, kama mtu anayeomba radhi.

“Na kama hakuna anayesema?”

“Basi bado iko yeye mu goli, mama.”

Mama alimgeukia mwanawe mkubwa.

“Amekufa,” alisema. “Muweke mwingine.”

Kapteni wa Luvungi aliinuka akasema timu yake haiitaki tena ile pointi. Mama alitikisa kichwa.

“Mutacheza, mutoto wangu. Musiniachie minye peke yangu niimalize hiyo mechi.”

Mkutano haukufungwa na sheria haikupitishwa. Penye matanga lazima watu wapate pa kukaa, kwa hiyo tulibeba mabenchi ya darasa. Kapteni wa Luvungi alishika benchi upande mmoja, kapteni wa Songo upande wa pili. Majirani walipoona mabenchi yanapita, walielewa. Wanawake walifunika masufuria yao na kutufuata. Tulipofika uani kwa mama, kilio kilikuwa kimeshaenea barabara nzima nyuma yetu, na yeye tayari alikuwa akituonyesha pa kuyaweka mabenchi.