Machipukizi Niliyomnyima Binti Yangu

Mimi niliishia darasa la tatu. Nyumba yangu ya bati hapa Bukiriro, ng'ombe wangu na ada za watoto, vyote vimetoka kwenye migomba, si kwenye cheti. Kwa hiyo ugonjwa wa mnyauko ulipoingia kona ya chini ya shamba sikumwita mtu. Niling'oa migomba migonjwa na kuizika mwenyewe.

Nilikuwa bado sijamaliza kona hiyo alipokuja binti yangu mdogo, aliyeolewa Biharamulo. Alikuja kuchukua machipukizi. Kwetu binti akipata shamba lake, baba humpa migomba ya kuanzia. Asiyepewa, ukweni watasema alitoka kwao bila baraka. Naye alitaka ya shina moja tu, lile la nyuma ya nyumba ambapo mama yake alizika kitovu chake.

"Shikamoo, baba. Nimekuja na magunia mawili."

"Marahaba. Mawili? Unahamisha shamba langu?"

Akacheka. Safari ile hakucheka tena.

Nina mpangaji, mwalimu wa sayansi, msichana mdogo. Alikuwa kibarazani akichambua maharage. "Mzee," akasema, "shamba lenye mnyauko halitoi miche."

Nikamwambia shina lile liko mbali na kona, tena ni kijani. Akasema ugonjwa huo ni bakteria. Husafiri kwenye panga, hukaa ndani ya mche muda mrefu kabla jani halijanyauka.

"Umewaona?"

"Kwa darubini."

"Mimi sina darubini."

"Una glasi?"

Alikata kipande cha mgomba mgonjwa, akakining'iniza kwa uzi ndani ya glasi ya maji safi. Haukupita muda, nyuzi nyeupe zikaanza kushuka kutoka kwenye kile kipande, kama mate ya mtoto. Mke wangu akafunika mdomo. Nimelima tangu sijavaa suruali, na sikuwahi kuona kitu kile.

Kwenye glasi ya pili akaweka kipande cha chipukizi la shina la binti yangu. Tukakaa tukitazama. Maji yakabaki safi.

"Si unaona?" binti yangu akasimama. "Nipe jembe."

Mwalimu akatikisa kichwa. "Wakiwa wachache hawaonekani. Siwezi kusema hawamo."

"Basi sema wamo!" nikamfokea.

"Hilo nalo siwezi, mzee."

Elimu gani hii, isiyosema ndiyo wala hapana? Lakini nikawakumbuka vijana wanaotupunguzia majani. Hupita shamba zima na panga moja, kona ya chini hadi nyuma ya nyumba. Ndivyo tufanyavyo wote huku.

"Hutachukua," nikasema.

"Dada ulimpa! Alitoroka na mwanamume, na bado ulimpa!"

"Wakati wa dada yako shamba lilikuwa zima. Nikikupa ugonjwa, utaimaliza migomba yako na ya wakwe zako."

"Nikawaambie nini kule? Kwamba baba yangu anaogopa glasi ya maji?"

Nilimpa debe zima la mbegu za maharage. Aliliacha mlangoni. Akapanda pikipiki kwenda kusubiri basi Benaco, magunia matupu yamekunjwa kwapani, na njia nzima watu waliyaona.

Tangu siku hiyo simu zake ni za mama yake tu. Namsikia mke wangu akiulizwa jambo lilelile, naye anajibu, "Bado kijani, mwanangu."

Kila asubuhi nazunguka nyuma ya nyumba. Naliangalia jani la katikati, natafuta umanjano. Zamani niliamka kuombea mvua. Sasa naamka kutafuta ugonjwa kwenye kitovu cha mwanangu, na nikikuta shina ni zima, moyo haufurahi.

Juzi mke wangu alikata mkungu wa shina lile. Panga alilichoma motoni kwanza, kama mwalimu alivyotufundisha. Alizimenya ndizi mbele yangu, moja moja, akizipasua nizione. Zote nyeupe ndani, hakuna doa la mnyauko.

Alipika, akanipakulia. Nilikula.