Sakramenti Saba kwa Mdundo wa Resti

Kahawa iliyomenywa na kulowekwa ina harufu ya uchachu, inayokaribia ile ya pombe ila haina furaha yake. Harufu hiyo ikinifikia hadi leo, ninachokiona si kahawa. Naona betri sita za redio zimepangwa juu ya waya wa kuanikia, katikati ya punje, zikiota jua ili zipate nguvu tena. Bibi yangu, aliyetulea mimi na mdogo wangu Pasko, alizitazama akauliza, "Na hizi nazo mtazipeleka chama cha ushirika?"

Betri zilikuwa za dada Resti, binti wa mama mdogo. Kwao ni Shirimatunda, kule chini karibu na mji. Alikuwa amekuja Krismasi, kama watu wa mjini wanavyopanda mlimani hadi leo. Alikuwa na miaka kumi na sita, suruali ya mitumba iliyomzidi kiuno, na redio kaseti aliyoibeba begani kama mtu abebavyo mtoto. Ilikuwa miaka ya mwisho ya themanini. Maduka ya mjini yalikuwa yameanza kujaa vitu tena, na vijana walikuwa wameupata muziki wa kufokafoka. Bibi aliusikiliza jioni ya kwanza kwa uvumilivu mkubwa, kisha akasema, "Huyo kijana anagombana na nani, mbona hajibiwi?"

Mimi nilikuwa na shida yangu, na ilinikosesha hamu hata ya mtori wa ndizi. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na nilikuwa katika mafundisho ya komunyo ya kwanza darasa moja na Pasko, aliyekuwa na kumi. Katekista wetu, Mzee Aloisi, alitaka majibu neno kwa neno. Pasko aliyameza kama ndizi mbivu. Kwangu yaliingia sikio moja, na kabla sijafika mtoni kuchota maji yalikuwa yameshatoka. Mtihani ulipangwa Jumamosi baada ya Krismasi, na atakayeshindwa angesubiri mwaka mzima.

"Mdogo wako akikutangulia kwenye meza ya Bwana," wenzangu waliniambia, "itabidi umwamkie wewe."

Resti alinikuta nyuma ya zizi nikilia juu ya daftari. Alilisoma, akalifunga. Akaanza kupiga ngumi kwenye debe la maji, taratibu, na vidole vikijibu. "Sema na mimi, Filomena. Ubatizo! Kipaimara! Ekaristi, twende! Kitubio! Mpako wa wagonjwa, twende!" Tulikwenda hivyo hadi Daraja na Ndoa, tukarudi mwanzo. Jioni ile nilizijua sakramenti zote saba. Siku ya tatu nilikuwa nimemaliza amri za Mungu na amri za Kanisa, kila moja na mdundo wake. Nilichota maji nikifoka. Nilikata majani ya ng'ombe nikifoka. Sikuwahi kuwa na akili nyingi namna ile.

Jumamosi tulikaa kwenye mabenchi ya kigango, kanisa letu dogo la kijijini, mikono mapajani. Mzee Aloisi alivaa koti lake la Jumapili na kalamu mbili mfukoni. Kosa letu, mimi na Resti, lilikuwa moja. Hatukufikiri kwamba mtu anaweza kuuliza kuanzia katikati.

"Filomena. Sakramenti ya tano?"

Ilinibidi nianze mwanzo. Mguu wangu ulianza kugonga sakafu, bega likafuata, midomo ikapita juu ya Ubatizo na Kipaimara bila sauti. Nilipofika nilipaza sauti kwa furaha ya mtu aliyewahi gari.

"Mpako wa wagonjwa, twende!"

Mzee Aloisi akauliza, kwa upole kabisa, "Twende wapi?"

Kigango kizima kilicheka. Pasko, kwa nia njema, alisimama kunisaidia. "Mwalimu, ni wimbo wa dada Resti. Hata mimi naujua." Mzee alichukua kalamu moja, akapiga mstari juu ya jina langu, akaniambia niende nyumbani.

Bibi hakunichapa. Alikwenda kwenye mpaka wa kihamba, shamba letu la nyumbani, akakata jani la isale. Kwetu Uchagani aliyekosa humpelekea jani hilo aliyemkosea, na aliyeletewa hawezi kukataa kusamehe. Alitukabidhi mimi na Resti.

"Bibi, jani tu?" Resti aliuliza. "Si tumpelekee hata sukari?"

"Sukari ni ya kumwomba mtu akupende. Hili ni la kumwomba akusamehe. Nendeni."

Tulimkuta Mzee Aloisi akikatakata mgomba wa kulisha ng'ombe. Tulisema shikamoo, tukapiga magoti, nikanyoosha jani. Alinawa kwanza, akalipokea kwa mikono miwili. "Nimewasamehe," alisema.

Niliinuka upesi. "Kwa hiyo jina langu, Mwalimu..."

"Nimesema nimewasamehe. Jina ni jambo jingine. Huo mpako wa wagonjwa ni nini?"

Mguu wangu ukaanza.

"Bila mguu."

Babu alipopakwa mafuta kabla ya kufa, mimi nilikuwa nimetumwa majani. Nilijua kwamba neno hilo linakuja baada ya Kitubio na kabla ya Daraja, basi.

"Utasubiri mwaka," alisema. Kisha akamgeukia Resti, ambaye tayari alikuwa anafuta machozi. "Na wewe, mpaka likizo iishe, uje uwaimbishe wale wadogo. Ila nisisikie hiyo twende."

"Mwalimu, bila twende hausimami."

"Basi weka Amina."

"Amina inakuja mwisho, Mwalimu. Haikai katikati."

Mzee alifikiri. "Basi hapo katikati mpige makofi."

Pasko alipokea komunyo Pasaka ile akiwa na shati jeupe na soksi hadi magotini. Kuku alichinjwa. Mbele ya wageni wote alinijia akasema, "Shikamoo dada," jambo ambalo hakuwahi kulifanya na hakulirudia tena. Nilimjibu marahaba nikatoka nje.

Mwaka ule nilikaa na watoto wa miaka tisa, na kila padri alipokwenda kwa mgonjwa, Mzee Aloisi alinipitia nibebe mshumaa. Niliona ni adhabu juu ya adhabu. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mama mmoja mwenye mikono iliyopasuka kwa miaka ya kuchuma kahawa. Padri alimpaka mafuta kwenye paji la uso, kisha viganjani, na yale mafuta yaliingia kwenye mipasuko na kung'aa. Yule mama aliikunja mikono taratibu kama aliyepewa kitu asitake kimwagike. Hakupona. Lakini mimi niliacha kuogopa vyumba vya wagonjwa, na nilipoulizwa mwaka uliofuata, nilimweleza Mzee habari ya mikono ile. Hakunisahihisha neno hata moja.

Leo mimi ndiye ninayefundisha watoto wa jumuiya yetu. Wanakuja na nyimbo za simu zao, na wazazi wengine hunitaka nizizuie. Sizizuii. Ilinichukua miaka mingi kuelewa kwamba mzee yule hakuwa ameupinga mdundo. Angeupinga, asingemwita Resti. Aliona tu kwamba mtoto amepewa majina saba na bado hajakutana na hata mmoja wa wenye majina hayo, akaona heri amkawize.

Mwaka mzima nilimpenda Resti na kumchukia Mzee Aloisi. Mzee alikufa kabla sijapata akili ya kumshukuru. Resti ana duka la nguo mjini, na nilipomweleza habari hii alicheka sana, akasema hakumbuki wimbo wowote. Sikumbishia. Asubuhi ninaposali nawataja wote wawili kwa pumzi moja, na sijawahi kujua nianze na nani.